Nilipomnyamazisha Mama Mkwe

Binti yangu alikuwa anakaribia miaka mitatu na hakuwa na neno hata moja. Akitaka maji alinivuta kidole hadi kwenye mtungi. Kule kituo cha kuuzia majani chai, hapa Kibugu, akina mama walinisalimu kwa kuuliza, "Bado?" Kabla sijatua kikapu, kila mmoja alishanipa dawa yake: ulimi umefungwa, mpeleke ukatwe; baba yake pia alichelewa; wewe humwongeleshi. Hilo la mwisho lilinichoma. Nilikuwa nimemwongelesha hadi koo likakauka.

Kisha mwalimu wa chekechea akasema tunamchanganya. Mimi ni Mmeru, mume wangu Muembu, na nyanya ya mtoto, mama mkwe wangu, anayeshinda naye nikiwa shambani, hana lugha ila Kiembu. Tushike Kiswahili tu, akashauri. Nilikuwa nimechoka kufikiri, nikatii. Jioni hiyo nilimwomba mama mkwe asimwongeleshe mtoto Kiembu tena. Aliniangalia, akasema sawa.

Mtoto mwenyewe ana jina la nyanya huyo, kama ilivyo desturi huku kwa binti wa kwanza. Kutwa nyanya alikuwa akimsimulia habari za kuku, mvua na majirani. Sasa alimpa uji kimya, akambeba kimya. Kiswahili chake kilikuwa "njoo", "kula" na "wacha". Kwa miezi minne nyumba yangu ilikuwa na watu wawili wasiosema, na wa pili nilimnyamazisha mimi.

Mtaalamu wa matamshi, Embu mjini, alinisikiliza hadi mwisho. Akasema lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto. Kila mtu amwongeleshe kwa lugha anayoimudu, tena sana. Nililia mbele yake, kwa hasira.

Nilimkuta mama mkwe akimenya viazi, mtoto amekaa miguuni pake. Nikamwambia, "Mami, nilikosea. Mwongeleshe kama zamani."

Hakuniachilia hivi hivi. Alimaliza kiazi, akakitia majini.

"Nilidhani umeona namharibu," akasema kwa Kiembu chake.

Akamgeukia mtoto, akaanza kisa cha kuku anayetaga kwa jirani. Mtoto aliinua uso, akautazama mdomo ule. Nyanya aliponyamaza ili achague kiazi kingine, mtoto alinyoosha mkono, akamgusa midomo kwa vidole, mara mbili, aendelee.