Sadaf na Nakala Zake za Kompyuta

Mnataka niwaeleze Sadaf ni nani? Haya, ila msitegemee nimsifu. Roho inaniuma.

Hapa kituo cha damu, Faisalabad, kanzidata ya watoto wanaoongezewa damu niliitunza mimi, Ghazanfar, peke yangu. Kila Ijumaa watu wakienda kuswali, nilizima mfumo, nikanakili kila kitu kwenye diski, nikaichomoa na kuifungia kabatini. Mfumo ukizimwa hakuna kinachobadilika, nakala inatoka safi.

Halafu akaja huyu binti wa fundi cherehani, mdomoni dengu za kukaanga kutwa.

"Mjomba, unazima ya nini? Mimi nanakili huku watu wanafanya kazi."

"Na taarifa zikibadilika katikati?"

"Mfumo unaweka kumbukumbu ya mabadiliko, unayaunga mwenyewe. Amka, mjomba!"

Wauguzi wakaangua kicheko. Wauguzi hao hao ninaowaletea jalebi, vitamu vya sukari, kila Idi!

Ijumaa iliyopita nimezima kama kawaida, mara mama mmoja kaingia mbio na mwanawe, midomo imepauka. Mtoto yule mwili wake unakataa aina nyingi za damu, na aina inayomfaa imeandikwa kwenye mfumo. Muuguzi akanipigia kelele, "Washa basi!" Kuwasha kunachukua muda, jamani. Sadaf alifungua nakala yake ya asubuhi ile kwenye kompyuta nyingine, akasoma, damu ikaletwa, mtoto akapona.

Mama akamwekea mkono kichwani. "Uishi sana, mwanangu." Mimi diski zangu hazijawahi kuhitajika, na hakuna aliyewahi kuniombea dua. Nilitamani kulia.

Daktari mkuu akatuita achague njia moja. Nilijiandaa kwa ugomvi, Sadaf akaniwahi.

"Za mjomba zisiguswe, daktari. Zangu ziko kwenye mtandao, kirusi kikiingia kinazila zote. Zake ziko kabatini. Azime sikukuu tu, tukifunga kituo."

Yaani hata nafasi yangu kanigawia yeye! Bora angenitukana.

Jana baba wa mtoto kaja na boksi la barfi, vitamu vya maziwa, anamtafuta Sadaf. Nikamwambia ameenda kula. Akainua mikono pale pale mbele ya meza yangu, machozi yanamtoka. "Ya Allah, mlinde Sadaf, mpe kila la heri."

Chumbani tulikuwa wawili tu. Ikanibidi niitikie amina.