Fagio na Mgwisho

Kikundi chetu cha maigizo kilianza bila fedha ya mtu. Tulikuwa wafanyakazi wa mashamba ya chumvi hapa Gongoni, pamoja na baadhi ya wake zetu, na Jumapili alasiri tulikusanyika nyuma ya duka la mwenzetu tukaigiza mambo ya kuchekesha: mlevi anayegombana na mbuzi wake, bwana harusi aliyeipoteza mahari njiani. Mimi ndiye niliyewapanga, kwa sababu nilimaliza sekondari na kazini nilikuwa karani wa mizani. Nilipostaafu, mizani ikaenda kwa mwingine, nikabaki na kikundi. Sikuwa na kitu kingine kilichowafanya watu wanyamaze ninaposema.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mganga anayeitwa kumtafuta mchawi. Kwetu mganga wa kazi hiyo hushika mgwisho, mkia wa ng'ombe uliotiwa mpini, akawapitishia watu waliopangwa mbele yake. Ukimwangukia mtu, maneno yake hayasikiki tena. Wapo wazee waliouawa hivyo katika sehemu zetu, na sote tunajua ni wazee wa namna gani: wenye mvi, wenye macho mekundu, na mara nyingi wenye shamba ambalo kijana fulani amechoka kulisubiri.

Mganga wetu alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mwembamba, na mgwisho wake ulikuwa fagio la chelewa, lile la kufagilia uwanja. Alilipunga hewani, nalo likamvuta huku na huku kama mbwa aliyefungwa kamba, na mwishowe likamwangukia mbuzi, au mwenyekiti wa soko, au mimi. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Niliwahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwenzake wakitoka, "Na yule mganga wa kwetu si ajabu naye alitumia fagio tu." Wakacheka tena. Sikulizingatia neno lile. Leo nadhani mchezo wetu wote ulikuwa ndani ya neno lile.

Kisha likaja shirika lililotafuta wasanii wa hapahapa wa kuzungumza na watu juu ya mauaji ya wazee. Aliyetumwa alikuwa binti wa Mombasa, mwenye adabu, aliyemwamkia kila mzee kabla ya kukaa. Aliutazama mchezo, akacheka kwa dhati, kisha akaniuliza, "Baba, watu wanafurahi sana. Wakifika nyumbani wanabaki na nini?"

Lilikuwa swali la haki, nami nilijibu kwamba tutalishughulikia. Yeye hakuniambia nilitupe fagio. Nataka hilo lieleweke, maana nimewasikia wenzangu wakimlaumu. Nilijitazama mimi mwenyewe, mzee niliyesoma, nikaona haya kwamba nitalipwa na shirika kwa kuwachekesha watu na ufagio. Tulikuwa tumepata vipaza sauti, mavazi, gari la kutubeba na posho kwa kila mwigizaji. Nikasema sasa tufanye kazi ya kweli.

Nilikwenda ndani huko, upande wa magharibi, kwa jamaa za mganga mmoja aliyekwisha kufa, nikaazima mgwisho wake. Nilipomkabidhi fundi wa baiskeli hakunyoosha mkono.

"Mzee, fagio langu limekosa nini?"

"Tunalipwa siku hizi. Mtu halipwi kwa kushika fagio."

"Wanaofagia soko wanalipwa," akasema, na wenzetu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikauweka mgwisho juu ya meza, na baadaye akauchukua, maana watoto wake walikuwa wanadaiwa karo, nami nilijua.

Zamani mchawi wa mchezo alikuwa kijana aliyejifunga leso na kujipaka majivu kichwani. Nikasema hapana, nataka bibi wa kweli. Nikamfikiria shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa. Aliishi peke yake katika shamba la marehemu, karibu na barabara, akikaanga mahamri kwa kuni, na moshi ulikuwa umemfanya awe na macho mekundu kwa miaka. Mimi na yeye tulikuwa na utani mzito, kama ilivyo desturi baina ya mke na mdogo wa mumewe. Aliniita mume mdogo. Nilimkuta jikoni nikamweleza.

"Yaani umewatafuta wabaya wote wa Gongoni ukaona mimi ndiye nimewazidi?"

"Sikutafuta. Sura yako inajiuza yenyewe."

"Basi nitaanza kukuroga wewe, maana huna faida." Akageuza hamri karaini. Kisha akasema, akiwa bado anatabasamu, "Na huo mgwisho, mume mdogo, nasikia ni wa kweli. Usije ukanipenda kuliko unavyonipenda wewe."

"Ni mchezo tu, shemeji. Kwani wewe mtoto?"

"Haya. Ukisema ni mchezo, ni mchezo."

Ndivyo alivyokubali. Utani una ubaya huo: mtu anaweza kukwambia naogopa, nawe ukamrudishia mzaha, na wote wawili mkaonekana mmefuata desturi.

Tuliucheza mchezo mpya katika uwanja wa shule, na watu walijaa. Fundi wa baiskeli alipoutoa ule mkia mweusi, kicheko kilikatika. Alipita mbele ya waigizaji waliosimama mstari bila kuwatazama usoni, na sidhani alikuwa anaigiza. Ukamwangukia shemeji begani. Akasimama wima, akasema maneno niliyomwandikia: "Mimi si mchawi. Mimi ni mzee." Pakawa kimya hata ukasikia bendera ya shule ikipigapiga mlingoti. Baada ya hapo kulikuwa na sehemu ya pili, inayoonyesha kwamba mganga alihongwa na vijana wa ukoo ili wauze shamba. Binti wa shirika alilia. Nami niliukumbatia ule ukimya nikauita mafanikio.

Watu walikuwa wamepiga video kwa simu. Video ni fupi, na mchezo ni mrefu. Iliyozunguka vijijini ilikuwa ya mgwisho ukimwangukia bibi mwenye macho mekundu, basi. Sehemu ya pili hakuna aliyeituma.

Siku chache baadaye nilimpitia shemeji nikakuta sinia limejaa. "Mahamri yangu yamelala," akasema. "Kula wewe, wewe hufi." Nikala, nikacheka, nikaenda zangu kwenye mazoezi. Mara nyingine aliniambia watoto wa shule wanavuka barabara wakifika kwake. Nikamwambia watazoea. Kisha usiku mmoja mabati yake yakapigwa mawe.

Hapo nilijua nimekosea, na bado nikakosea zaidi. Jambo la kufanya lilikuwa kuliita baraza la ukoo. Vijana wa kaka yetu mwingine, naye marehemu, walikuwa wamekwisha kuleta watu wa kupima viwanja, wakisema shamba ni la babu na mjane hana mtoto wa kiume. Mimi ndiye mwanamume pekee aliyebaki wa kizazi chetu. Neno langu lingekuwa na uzito. Lakini baraza la ukoo lingenigombanisha na wale vijana, ambao ndio watakaonizika. Nikaona ni rahisi kurudi kwenye kile ninachokijua. Mchezo ulilianzisha, mchezo utalimaliza. Nikamwomba binti wa shirika gari na vipaza sauti, naye akaleta.

Tulikwenda palepale jirani na shamba lake. Shemeji alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki, amevaa leso mpya. Tulicheza sehemu ya pili kwanza ili watu waelewe, kisha nikashika kipaza sauti. Nikasema kwamba uchawi tunaoupata kwenye mgwisho ni ule tunaoutia wenyewe. Nikauinua mgwisho juu. "Huu ni mkia wa ng'ombe," nikasema. "Hauoni, hausikii, hauchagui mtu."

Mwanamume mmoja akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei, "Kama ni mkia tu, mzee, simama na wewe upitishiwe."

Watu wakamgeukia, kisha wakanigeukia. Fundi wa baiskeli alikuwa kando yangu. Akanyoosha mkono aupokee, awe tayari. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua: nimpe, nisimame, unipitie, nicheke. Angeweza hata kuniangushia begani akafanya ule uso wake wa zamani wa kuchekesha, na pengine yote yangekwisha.

Sikumpa. Sijui nieleze vipi. Mimi siamini uchawi. Nimesema hivyo maisha yangu yote, kanisani na nje ya kanisa. Lakini nilimkumbuka mama yangu alivyokuwa akituficha nyuma ya nguo zake mganga alipopita, na magoti yangu yakaniambia jambo ambalo kichwa hakikulijua. Nikasema, "Hatukuja kwa mchezo huo leo," nikauweka mgwisho ndani ya mfuko.

"Ahaa," akasema yule mtu. Basi. Hakuongeza.

Watu wakaanza kuondoka, kwa adabu, bila kelele. Nilimwona shemeji akikunja leso yake magotini, akiikunjua, akiikunja. Hakuniangalia.

Juma lile jiko lake la makuti likachomwa, na binti yake akaja akamchukua. Nilikwenda hatimaye kwa wale vijana wa kaka yangu, nikiwa na naibu wa chifu. Mkubwa wao alitukaribisha, akaniamkia, akatuma soda. "Baba mdogo," akasema, "sisi hatujamwita mama mchawi. Ni watu. Na wewe mwenyewe ulikuwepo, ukaona." Alisema bila ukali, na kweli nilikuwepo. Sasa kuna ukuta wa mawe palipokuwa na jiko.

Shirika liliridhika na kazi yetu, likatoa fedha za awamu nyingine. Nilimweleza binti wa Mombasa yote haya, kila kitu, hata la magoti. Akasema, "Baba, nilipaswa kukuuliza yule bibi analala wapi. Sikuuliza." Kikundi nimewaachia vijana. Nasikia wamemrudishia fundi wa baiskeli fagio lake.

Shemeji anakaa Barani, mjini Malindi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, na binti yake na wajukuu. Nilichukua muda mrefu kumtembelea kuliko ilivyostahili. Nilimkuta akichambua mchele mlangoni. Nikabisha hodi, nikasubiri aniite mume mdogo. Akasema, "Karibu, shemeji."

Tuliongea habari za afya, mvua, bei ya unga. Hapo Barani hakaangi mahamri. Mwenye nyumba hataki moshi. Macho yake yamekuwa meupe. Nilimwambia macho yake yamepona, na akasema ndiyo, sasa ningekosa mchawi wa mchezo wangu. Nikataka kucheka, lakini hakuwa anatania.

Kisha akauliza, mikono ikiendelea na mchele, "Siku ile uliogopa?"

"Niliogopa."

"Nilijua. Niliona mkono wako." Akatupa kijiwe nje. "Mimi niliogopa tangu siku ya kwanza pale shuleni. Ule mkia uliponigusa nilitaka kukimbia, hata haja ndogo ilikaribia kunitoka. Lakini wewe ulikuwa umeniambia ni mchezo. Nikasimama."

Akanisogezea ungo, nami nikaanza kuchambua upande wangu.