Nyungunyungu Kwenye Maboga ya Mama

Kazi yangu ni nyungunyungu. Nawachimba, nawatenganisha aina kwa aina, kisha natafuta kila aina ilifikaje ilipo. Nyungunyungu hatembei mbali. Ukimkuta asikotarajiwa, ujue kuna mtu kambeba na udongo.

Masika yaliyopita nilichimba shambani kwa mama, penye maboga yake, nje kidogo ya mji wa Njombe, nikakuta aina niliyokuwa nimeiona Makambako tu. Nilifurahi kijinga. Nikamuuliza mama nani ameleta kitu kutoka Makambako. Akakumbuka kwamba jirani yetu, mjane anayeuza miche ya parachichi, huichukua huko, naye alimpa miwili. Basi, nikaona nimemaliza. Jumapili, nje ya kanisa, wanawake waliponiuliza nimepata nini, nilijibu kwa sauti ya darasani kwamba miche ya jirani imeleta nyungunyungu wageni.

Sikusema ni ugonjwa. Lakini ndivyo walivyosikia. Wateja wake wakaanza kurudisha miche, mmoja akaitupa mbele ya lango lake.

Mimi wakati huo nilikuwa nafunga sampuli. Nikawahitaji wachanga niliowatoa Makambako. Nyungunyungu mchanga hana bado ule mshipi mnene mwilini, na bila mshipi ni vigumu kujua ni wa aina gani, kwa hiyo kabla ya masika nilikuwa nimewaacha nyuma ya jiko la mama wakue kwenye beseni la udongo. Nikamkuta mama anaoshea mboga ndani ya beseni hilo.

"Ule udongo uko wapi, mama?"

"Niliumwaga kwenye maboga siku nyingi. Udongo mweusi vile ningeuacha ukae bure?"

Nyani haoni kundule, hata akisoma chuo kikuu. Nilikaa kwenye kigoda. Nilijua lazima niende kwa jirani, nikawa natafuta maneno ya kuanzia.

Jioni ile akaja yeye, kuku kwapani, kama watu wa kwetu wanavyofanya wakienda kuomba radhi. Akapiga magoti mlangoni, mtu mzima anayelingana na mama.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu kikwetu. "Nimekuja mnisamehe. Nimeharibu shamba la mama yako, na sikujua."

Mama alinitazama. Nilimsihi jirani ainuke, akakataa, akasema hainuki mpaka nimwambie nimemsamehe. Nami nikapiga magoti pale pale, nikamwambia aliyewaleta nyungunyungu wale ni mimi.