Skrubu Zilizobarikiwa

Juzi hapa Kitengela nilimwona fundi akifunga darubini kwenye bunduki ya mlinzi wa ranchi. Alipangusa kila skrubu kwa spiriti ndipo akaikaza. "Mafuta ikibaki hapa, ukipiga risasi inalegea," alisema. Nikanusa tena mafuta ya kondoo.

Baba alikuwa polisi wa akiba. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, alikuwa anafunga darubini mpya kwenye bunduki yake, ndipo Koko, yaani mama yake, akamshika mkono. "Kitu kipya hakiingii boma bila mafuta." Baba akampisha. Koko akapaka kila skrubu polepole, kama anayebariki mtoto, nami nikaamini mafuta ndiyo yangeishika ile darubini.

Jua likianza kushuka, fisi alimnyakua mwana-kondoo. Baba akapiga risasi, ikarusha vumbi mbali kabisa. Ya pili pia, na darubini ikalala upande. Tukabaki tumesimama, tukisikia mlio wa mwana-kondoo ukizidi kwenda mbali.

Baba alitazama skrubu zinazong'aa, akamtazama mama yake. Koko alikuwa analia.

"Nilipaka kidogo mno," alisema, akaenda kuchukua kibuyu cha mafuta.

Aliporudi, baba alimshikia bunduki apake tena.