Nilivyomwombea Baba Mdogo Umaskini

Nilimchukia baba mdogo kwa muda mrefu na kwa raha. Asubuhi nilifungua genge langu mjini, pale Pasua, nikapanga nyanya na vitunguu mafungu mafungu, na huku mikono ikifanya kazi, moyoni nilikuwa namtukana. Wateja walidhani mimi ni mtu wa kuchangamka asubuhi. Nilikuwa nachangamshwa na matusi yangu mwenyewe.

Ni mdogo wa baba yangu, wa mwisho kuzaliwa kwao. Kihamba chake, yaani shamba la urithi wa ukoo, kimepakana na chetu huko juu mlimani, migomba yake na yetu ikitenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea tunayopanda mipakani. Baba alipofariki, ukoo ulikaa ukasema yeye ndiye atakayemwangalia mama. Alimwangalia kweli. Mama akinunua sukari, alijua. Akipata mgeni, alijua. Kitu pekee ambacho hakukijua ni siku ambazo hapakuwa na kitu ndani.

Wakati huo mama alikuwa kwenye mpango wa serikali wa kaya maskini. Kwa asiyeujua, kijiji kinakutana, majina yanasomwa mbele ya watu wote, na kwa kila jina mwezeshaji kutoka halmashauri anauliza kama mtu huyu anastahili. Watu wakikubali, anaandikwa, na kila baada ya muda anapokea ruzuku. Si hela ya kujenga nyumba. Kwa mama ilikuwa dawa za presha, chumvi, sabuni, na hisa yake kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama, wale wanaokutana Jumapili baada ya misa. Kikundi kile ndicho kilichomtoa ndani baada ya msiba. Alikuwa akirudi kutoka huko anacheka peke yake njiani.

Sasa baba mdogo akataka njia. Alikuwa na mipango ya kununua gari, na ili gari lifike kwake ilibidi tukate migomba yetu ya upande wa chini. Mama akakataa kwa upole, akamwambia migomba ile ndiyo chakula chake. Baba mdogo akasema sawa, shemeji, nimekuelewa. Gari lenyewe hajalinunua mpaka leo.

Haukupita muda mrefu ukaitishwa mkutano wa kuhakiki majina, kuona nani abaki na nani atolewe. Nilipanda kutoka mjini kumsindikiza mama. Tulikaa kwenye nyasi uwanjani pa shule. Jina la mama liliposomwa, kabla mwezeshaji hajamaliza kuuliza, baba mdogo alikuwa ameshasimama. Alivaa lile koti lake la kahawia, kofia mkononi kama mtu aliye kanisani.

"Mheshimiwa, huyu ni shemeji yangu, siwezi kumwonea," alisema. "Lakini ana binti ana duka mjini, huyo hapo. Ana nyumba ya tofali. Maziwa anakunywa kila siku. Kama huyu ni maskini, basi na mkuu wa wilaya tumwandike."

Watu walicheka. Duka lilikuwa miti minne na turubai. Nyumba ya tofali aliijenga baba zamani, kahawa ilipokuwa na bei, na ukuta wake mmoja ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Maziwa alikuwa anapewa na jirani, kibuyu kidogo, kwa sababu alimsaidia kukata majani ya ng'ombe. Nilinyanyuka niseme hayo yote. Mama alinishika kanga akanivuta chini.

"Kaa. Watatucheka."

Walikuwa wameshaanza kutucheka. Mwezeshaji akauliza kama kuna mwenye neno lingine, hakuna mkono ulionyooshwa, akachora mstari, akasoma jina lililofuata.

Mama hakurudi kwenye kikundi. Aliniambia amechoka kutembea. Mimi nilimtumia nilichokipata, na mwenye genge anajua maana ya nyanya kuoza wiki moja na bei kuanguka wiki inayofuata. Sikujua kwamba alikuwa anavunja vidonge vya presha katikati ili vifike mbali. Nilikuja kujua siku alipoanguka jikoni akiwa amebeba kuni. Mdomo uliopinda ulirudi mahali pake. Mkono wa kushoto haukurudi, hadi leo akishika kikombe lazima wa kulia uje kuusaidia.

Baba mdogo alikuja hospitalini na machungwa. Aliwaambia manesi kwamba yeye ndiye mkuu wa familia. Nilimtazama anavyomenya chungwa taratibu, maganda yakianguka kwenye shuka la mama, na hapo hapo nikaapa kwamba mtu huyu nitamlipa. Sikujua lini wala kwa njia gani, ila nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Miaka ikaenda. Dunia ilianza kunisaidia bila kuniuliza. Mke wake alifariki. Watoto wake wa kiume, wale aliokuwa akiwasifia kila mara kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mmoja akaenda Arusha, wengine Dar, wakawa watu wa kutuma salamu, halafu hata salamu zikakata. Akauza ng'ombe. Akauza kipande cha shamba, na hela ikaishia kwenye deni. Koti la kahawia lilibaki, lakini mwenyewe alikuwa amepungua ndani yake. Kila nilipopanda Jumapili nilimkuta amepungua zaidi, na naomba nisiseme uongo hapa, nilikuwa nafurahi.

Mama ndiye aliyenikera. Alimpa mashati ya baba. Alimpelekea ndizi. Nilimwambia anamlea nyoka, akanijibu kwamba nyoka huyo hana meno tena na nimwache ale.

Ndipo yakatangazwa majina mapya. Serikali ilikuwa inapokea kaya nyingine kwenye mpango, na mkutano ungekuwa Jumatano. Jumapili hiyo nilikuwa nyumbani nachambua maharage, mama yuko kanisani, nikaona baba mdogo anavuka mpaka anakuja. Alichagua saa hiyo makusudi. Mkononi alikuwa na jani la isale, limechumwa palepale mpakani.

Kwetu jani hilo si mchezo. Mtu aliyekukosea akikuletea isale, amekiri na ameomba, na wewe huruhusiwi kumrudisha. Wazee wamemaliza kesi za damu kwa jani moja. Nilipoliona tu, nilitamani kukimbilia ndani nijifungie, maana ukishaliona umeshakamatika.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa. "Nimekuja na hili."

"La nini?"

"La yale mambo." Hakuyataja. "Jumatano jina langu litasomwa. Watu hawatanikubali, wanakumbuka ya nyuma. Lakini ukisimama wewe, wewe mwenyewe, ukaniombea, nani atabisha? Watasema kama mtoto wa marehemu amesema, basi yamekwisha."

"Na mama?"

"Mama yako utamweleza wewe."

Hapo ndipo alipojimaliza. Mpaka neno hilo nilikuwa nimeshaanza kulegea, nakiri. Lakini aliyeanguka jikoni hakuwa mimi. Vidonge havikuvunjwa na mimi. Jani lililomstahili mama alikuwa ameniletea mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na sauti mkutanoni, na mama hakuwa na faida kwake. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikalipokea.

"Nitasimama, baba mdogo. Nitakuombea mpaka wakubali."

Akaniita mtoto mwenye akili. Akaondoka akitembea wima.

Siku zilizofuata genge liliuza lenyewe, mimi nilikuwa nafikiri. Kumwangusha kulikuwa rahisi mno. Ningesema sentensi moja tu kwamba bado ana shamba na watoto wa mijini, angekatwa kama alivyomkata mama. Angerudi nyumbani akisema ameonewa, angeinywea mbege hasira yake, na kufikia Ijumaa angekuwa mwanamume tena. Mimi nawajua watu wetu. Huku mtu anakodi gari Desemba apande nalo nyumbani, arudi mjini kula ugali na chumvi hadi Machi. Njaa tunaivumilia. Tusichokivumilia ni kutajwa mbele za watu.

Jumatano nilivaa gauni langu la kanisani. Uwanja ulikuwa umejaa. Mama alikaa mbele yangu kidogo, kati ya wenzake wa zamani wa kikundi. Jina la baba mdogo likasomwa na mwezeshaji akauliza nani anamfahamu mzee huyu. Wakatazamana. Nikasimama.

"Namfahamu mimi. Ni baba yangu mdogo, na naomba mumwandike."

Watu wakanong'ona. Baba mdogo aliinua kidevu. Ningeweza kuketi hapo na kazi ingekuwa imekwisha.

"Naomba nieleze," nikasema, "asije mtu baadaye akasema familia imeficha."

Nilitumia sauti ya msibani, ya chini na ya huruma. Nilisema simu ya mzee huyu hailii, watoto wake wapo hai lakini kwake ni kama hawapo. Nilisema mkewe tulimzika kwa michango ya jumuiya, hata jeneza. Nilisema shati alilovaa ndani ya lile koti ni la marehemu baba yangu, mama yangu ndiye aliyempa, mtazameni kola. Wakatazama. Nilisema jioni hupita majumbani wakati wa chakula akiulizia habari za ng'ombe wa watu, na sisi tunajua hana shida na ng'ombe, tunamwekea sahani. Kila mmoja pale alikuwa ameshamwekea sahani na kudhani ni kwake tu. Nikaona vichwa vinageukiana.

"Inatosha, dada," mwezeshaji alisema.

"Bado kidogo, mheshimiwa."

Nikaendelea na godoro, na mvua inavyoingia chumbani. Sikusema uongo hata mmoja. Hakuna aliyecheka, na nilishukuru, maana kicheko kingemsaidia, angekasirika akasimama. Akina mama walianza kusema "maskini, jamani," kwanza mmoja, kisha wengi, na baba mdogo akawa anakitazama kitambaa cha suruali yake kwenye goti. Mikono ilinyooshwa uwanja mzima. Aliandikwa bila mpinzani.

Alinifuata njiani wakati watu wanatawanyika.

"Ungenikataa tu, mwanangu."

"Ulikuja kuomba nikuombee."

"Ungenikataa tu," akarudia, akageukia njia ya kwake.

Nilishuka Pasua nikajinunulia chipsi kuku, nikala peke yangu hadi mfupa wa mwisho. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu machungwa yale.

Siku ya malipo ya kwanza nilimwachia jirani genge, nikapanda tena. Nilitaka kumwona amekaa kwenye benchi mbele ya ofisi ya kijiji, katikati ya vikongwe, akisubiri kuitwa kwa kipaza sauti. Nikanunua soda kibandani, nikasimama upande wa pili wa barabara kama mtu aliyekuja kuangalia mpira.

Walikuja wawili. Baba mdogo mbele, bila koti, na nyuma yake mama, amevaa kanga yake nzuri, mkono wa kushoto ameupakata kwa wa kulia. Mama ambaye jina lake lilishakatwa na hakuwa na shughuli yoyote pale. Alikaa naye kwenye benchi. Akasalimia huyu, akamuuliza yule habari za mjukuu. Jina lilipoitwa, alisimama pamoja naye, akamsubiri mlangoni, wakarudi wote. Soda yangu ilikuwa imepata moto mkononi.

Nilimkuta mama nyumbani anawasha jiko.

"Mama, ulifuata nini kule?"

"Nimemsindikiza shemeji yangu."

"Yule? Baada ya vyote alivyokufanyia?"

"Mara ya kwanza mimi nilikaa pale peke yangu," alisema. "Wewe ulikuwa mjini. Huijui ile benchi."

Nikamwambia nilifanya yote kwa ajili yake. Nikamwambia alistahili kumwona yule mtu akidhalilika mbele ya kijiji kizima kama alivyodhalilishwa yeye. Nilipiga kelele, nadhani. Mama alipuliza moto mpaka ukashika.

"Ile ya kuulizia ng'ombe wakati wa chakula," alisema, hajanigeukia, "mwaka ule waliponitoa nilifanya hivyo mimi. Nyumba zilezile. Wao walikuwa wamesahau, umewakumbusha wewe."

Nikawakumbuka wale akina mama pale uwanjani, walivyokuwa wakigeukiana na kusema maskini, jamani. Mimi nilikuwa namtazama baba mdogo tu, namhesabia kila neno linavyomwingia. Wao walikuwa wanamtazama mama.