Jiwe Nililolisoma Vibaya

Nafundisha jiografia Garissa, na kwa miaka mingi mada niliyoipenda kuliko zote ilikuwa visiwa vya maziwa. Watu hunicheka. Mtu wa Mandera, aliyezaliwa mahali ambapo maji huletwa kwa lori, visiwa vinamhusu nini? Lakini ndivyo nilivyo. Nikishika chaki sihitaji kitabu. Kuna visiwa vilivyozaliwa na moto, kama vile vitatu vya Ziwa Turkana, ambavyo ni volkano zilizochomoza majini. Kuna vingine ambavyo zamani vilikuwa vilima vya nchi kavu, maji yakaja yakavizunguka, na vya Ziwa Victoria vingi ni vya namna hiyo. Halafu kuna vya tatu, vile maskini, vinavyojengwa na mto kwa mchanga na tope, havina mzizi hata kidogo. "Na mkitaka kujua asili ya kisiwa," huwaambia wanafunzi, "msikitazame chenyewe tu. Tazameni kimekaaje na wenzake." Vya moto hufuata ufa wa ardhi. Vya vilima vilivyozama hukaa ovyo ovyo, kama vilima vilivyokaa. Vya mto hupinda pale mto ulipopinda. Maneno hayo nimeyasema darasani mara ngapi, wallahi sijui. Laiti ningeyasikiliza mwenyewe mara moja tu.

Mtu wa kwanza niliyemfundisha somo hilo alikuwa dada yangu mkubwa. Nilimwita abaayo, kama tunavyowaita dada zetu sisi Wasomali, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Nyumbani kwetu, upande wa Takaba, kulikuwa na mbuzi wa kuchungwa na watoto wawili, na shuleni angeweza kwenda mmoja. Nilikwenda mimi. Yeye hakuulizwa, na sisemi uongo, mimi pia sikuwahi kumuuliza.

Likizo ikifika nilimfuata malishoni, naye akikaa tu kwenye jiwe huniambia, "Haya, msomi, mwaga." Basi nilimwaga. Nilimchorea Turkana mchangani kwa kijiti, nikaweka na visiwa vyake vitatu. Akatazama, akainamisha kichwa, akauliza, "Mbona vimepangana mstari mmoja? Nani kavipanga?" Sikujua. Nilimwambia ni Mungu, akanicheka mpaka mbuzi wakashtuka. "Mungu kafanya yote, hilo hata mimi ninalijua na sijakwenda shule. Kaulize." Muhula ulipofunguliwa nikauliza, na hivyo ndivyo nilivyojifunza habari ya ufa. Hilo neno langu la darasani, kwamba visiwa vitazamwe vilivyokaa pamoja, kusema kweli ni lake.

Yeye naye alinifundisha jiwe. Kule kwetu kuna matuta marefu ya mawe meupe, na siku moja alinipeleka kwenye mojawapo akanionyesha kombe limeganda ndani ya mwamba, mistari yake yote inaonekana. "Hiki kama si kitu cha majini ni nini?" Nikaja kusoma baadaye kwamba nchi yetu yote ile ilikuwa bahari zamani sana, kabla ya ngamia, kabla ya mtu yeyote, na jiwe lile jeupe ndilo sakafu yake. Wachimbaji wa visima hulipiga siku nyingi bila kulimaliza. Basi toka utoto, kwangu mimi jiwe jeupe lilimaanisha mwamba, na mwamba maana yake ni kitu kisichokwenda popote.

Ukame ulipowamaliza mbuzi, abaayo na mama yetu walishuka Garissa wakaja kukaa kwangu, mtaa wa Waberi. Mama alikubali kupumzika. Abaayo, wapi! Baada ya mwezi mmoja alikuwa amepata kishamba kando ya mto Tana, chini ya mji, analima vitunguu na matikiti. Mchungaji mzima, hajawahi kushika jembe, akawa anawafundisha wenyeji namna ya kumwagilia. Niliona aibu kidogo, nikamwambia mimi nina mshahara, hana haja ya kujichosha. Akaniambia, "Mshahara ni wako. Vitunguu ni vyangu." Sijawahi kumwona ana furaha kama miaka ile.

Kisha macho yake yakageuka manjano. Hospitali walisema ini. Hakumaliza wiki sita. Tulimzika siku ile ile baada ya sala ya alasiri, kwenye kilima kidogo karibu na shamba lake, mahali ambapo jamaa za wakulima walikuwa wakizika watu wao. Hooyo, yaani mama, ndiye aliyetaka pale, ili binti yake awe karibu na vitunguu vyake. Toka hapo kila Ijumaa alikuwa anakwenda kumtolea salamu. Wapo waliomwambia mwanamke hazuru makaburi. Hakubishana nao, alisimama nje ya ua wa miiba, akasalimu, akakaa kidogo akimsimulia habari za nyumbani, akarudi. Siku nyingine nilimsikia akicheka kule.

Mwaka wa pili baada ya kifo chake mto ulipanda. Si sana, ila maji yalifika chini ya kile kilima na kulamba kidogo udongo. Wenye makaburi wakaingiwa na hofu, wakamwita sheikh. Tulikutana palepale, na sheikh akasema wazi kabisa, "Maiti haondolewi alipolala ila kwa dharura. Mkihofu maji yatalichukua kaburi, ruhusa ipo, mhamisheni. Kama ardhi ni imara, mwacheni apumzike." Akatuzungushia macho. "Sasa nani anayeijua ardhi?"

Mama yangu akajibu kabla ya mtu yeyote. "Mwanangu anaijua. Ndiyo kazi yake."

Nikapanda kile kilima watu wote wakinitazama. Nisidanganye, nilifurahi. Mimi wa kuchora visiwa ubaoni, leo naulizwa jambo la kweli na sheikh mzima! Juu, kati ya makaburi, udongo ulikuwa umekauka ukabanduka, na chini yake likaonekana jiwe jeupe. Nikalipiga kwa kisigino. Gumu. Nikachukua jiwe lingine nikaligonga, likalia vizuri. Moyo wangu ukarudi moja kwa moja Takaba.

Palikuwa na mchimbaji visima mmoja, mzee wa Banissa, kule kwetu Mandera, naye ana kaburi la mkewe pale. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, tuchimbe ubavuni kidogo, kimo cha mtu tu. Tuone kama jiwe linaendelea. Jiwe la huku sijalizoea." Angalia neno hilo. Mtu aliyekaa ndani ya ardhi miaka thelathini anasema hajalizoea, na mimi niliyekaa ndani ya vitabu nikasema nalijua. Nikamwambia kuchimba karibu na makaburi ni kuwasumbua waliolala. Nikaifanya dini pazia la kiburi changu, Mungu anisamehe. Na nilikuwa na mitihani ya kusahihisha nyumbani, nilitaka niondoke.

"Ni mwamba," nikamwambia sheikh. "Kilima hiki kina mzizi. Mto unaweza kukizunguka, lakini hauwezi kukibeba."

Sheikh akashukuru. Hooyo akainua mikono akaniombea dua mbele ya watu. Yule mzee, wiki ile ile, alimhamisha mkewe makaburi ya mjini, na jamaa nyingine moja ikamfuata. Mimi nilitabasamu nilipoyasikia. Leo wao wana makaburi.

Mwaka uliofuata ndio yakaja yale mafuriko. Mvua ilinyesha juu huko bila kupumzika, mabwawa yakajaa, na Tana ukatoka mkondoni mwake ukaifuta nchi. Mashamba yakaenda, mabomba ya kumwagilia yakaenda, watu wakapanda juu ya mabati. Niliposikia, nilimchukua hooyo tukaenda kwenye ukingo wa juu, mwisho wa mji, ambako watu walikuwa wamejazana kutazama. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka. Mbele yetu palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa mpaka macho yanachoka, na katika maji yale vilikuwa vimebaki visiwa vitano.

Sikuwahi kuviona vile. Nchi ikiwa kavu, vilima vyenyewe ni vidogo na vichaka vya mathenge vimejaa katikati. Unapanda kimoja hukioni kingine. Sasa maji yalikuwa yamefunika kila kitu isipokuwa hivyo, na nikaviona vyote mara moja. Vilikuwa vimepinda. Vitano vyote, mpindo mmoja safi, kama ukingo wa sinia. Hakuna mwamba duniani unaokaa namna ile. Ule ulikuwa ukingo wa zamani wa Tana wenyewe, tope ambalo mto uliliweka ulipokuwa ukipita pale kabla haujahama, na lile jiwe jeupe lilikuwa gamba tu la chokaa lililoganda juu kwa jua la miaka. Chini yake kulikuwa na tope mpaka chini.

"Chetu ni kipi?" hooyo akauliza.

"Cha tatu."

"Kimesimama." Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi." Kisha akamgeukia mwanamke mmoja aliyekuwa akilia kando yetu, mama wa marehemu mwingine wa palepale, akamshika bega. "Usilie, walaal, ndugu yangu. Ni mwamba ule. Mwanangu kaupima."

Ningesema wakati ule. Sikusema. Nilikwenda mbio kwa watu wa mashua, wale waliokuwa wakiwaokoa waliokwama, nikawaomba wanivushe mpaka kilimani na majembe. Kijana mmoja akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Mwalimu, kuna watoto juu ya mabati kule. Walio hai kwanza." Alikuwa na haki. Nikarudi nikasimama kando ya mama yangu.

Siku tatu tulikwenda kila asubuhi. Hooyo alisoma Yasin akitazama kisiwa cha tatu, nami nilitazama ubavu wake. Kilikuwa kikikatwa kama mkate. Kipande kinalegea, kinakaa kidogo kinafikiri, kinaanguka, maji yanafuka vumbi jeupe la chokaa, basi. Sikulala, sikula. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie, nikaona midomo yake inavyosoma, nikaufunga. Huruma? Hapana, woga. Sikutaka aache kunitazama alivyokuwa akinitazama.

Siku ya nne vilikuwa visiwa vinne na pengo katikati.

Hooyo alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Halafu akaacha kuhesabu, na sauti iliyomtoka sitaki kuielezea.

Nikamwambia yote pale pale, nimekaa chini kwenye tope kama mtoto. Kwamba halikuwa jiwe la kwetu. Kwamba mzee wa Banissa alisema tuchimbe nami nikakataa. Kwamba niliporuhusiwa kumhamisha abaayo nilikuwa naiwahi mitihani. Mtu aliyenichungia mbuzi ili nisome, nikasoma, na kwa kusoma huko nikamwacha mtoni. Nililia hadharani, mwalimu mzima, na wanafunzi wangu walikuwapo. Hooyo hakunilaumu hata kwa neno moja. Angenitukana ningepona.

Maji yaliposhuka baada ya wiki kadhaa, tulirudi. Hakukuwa na kitu cha kurudia. Mto ulikuwa umehama. Njia yake mpya ilipita palepale palipokuwa na kilima, maji mengi, ya haraka. Shamba halipo, ua haupo, wala mti mmoja wa kushikia kumbukumbu. Mama alisimama kwenye ukingo mpya akatazama huku na huku.

"Mto unaupeleka wapi udongo?" akaniuliza.

Nami, ewe Mola, nikaanza kujibu. Nikasema unashuka nao Hola, Garsen, mpaka unapokutana na bahari, na kule unautua polepole, unajenga visiwa vipya, miti inaota, ndege wanakuja. Nilidhani nampa faraja. Nilikuwa nimeanza hata kuonyesha kwa mikono.

"Usinifundishe," akasema. Hakupandisha sauti. "Niambie tu niangalie wapi nikimsalimia."

Nikanyoosha mkono. Sikupima kitu. Sikuwa na alama hata moja ya kupimia. Ukingo ulikuwa mgeni kwangu kama kwake. Nilionyesha maji tu, mahali popote, ili apate pa kuelekea. Hooyo akageuka taratibu mpaka akaelekea sawasawa na kidole changu, akavuta shungi lake, akasema, "Assalamu alaykum, binti yangu."

Mpaka leo huenda kila Ijumaa. Siku hizi wanawake wengine waliopotelewa na makaburi huja kusimama naye, na mmoja akielekea upande mwingine, hooyo humshika mabega akamgeuza. "Si huko, walaal, ni huku," humwambia. "Mwanangu ndiye aliyepima."