Mboga za Wiki Aliyoondoka Mama

Magunzi yaliyolowa hayawaki, yanafuka. Moshi wake ni mzito na una uchachu, unakukaba koo kwanza kisha unahamia kwenye nguo na nywele, na huko hautoki mpaka upate sabuni. Mwaka ninaousimulia, sabuni yenyewe ilikuwa kitu cha kusikia. Ilikuwa miaka michache baada ya vita, duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na mizani iliyoota kutu, na mvua ilinyesha Tunduma kana kwamba imetumwa. Jiko letu lilikuwa banda la udongo nyuma ya nyumba, limeezekwa bati moja refu na vipande vya madebe yaliyopasuliwa. Mvua ikianza, kelele zake juu ya bati zilimeza kila sauti nyingine, hata ngurumo za malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Nikiwa nimechuchumaa mbele ya mafiga, macho yakinichuruzika, nikipuliza magunzi yale, nilikuwa msichana wa darasa la sita ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameachiwa chungu.

Mama yangu hakuwa mtu wa kupika alichokiona. Watu walisema ana mkono mgumu, lakini hawakujua hesabu zake. Jumamosi jioni aliketi kwenye kigoda, ungo mapajani, akatazama kila kilichokuwemo ndani, kisha akaigawa wiki. "Usipike siku, Atupele," aliniambia. "Pika wiki. Chakula cha leo kizae cha kesho." Kwa hiyo maharage yaliyochemshwa Jumatatu kwa mchuzi mwingi, Jumanne yalipondwa na kuchanganywa na majani ya maboga, yakawa mboga nyingine kabisa. Jumatano ilikuwa siku ya kapenta, wale dagaa wadogo ambao wanawake wa ng'ambo waliwavusha kwenye vikapu; tulikula miili, vichwa vikatengwa. Alhamisi vichwa vile vilitwangwa pamoja na karanga, vikatiwa kwenye mchicha, na ungeapa kwamba mna nyama humo. Ijumaa tulikula majani matupu na chumvi. Jumamosi tulichemsha viazi na maganda yake ili unga upumzike. Jumapili, kama Mungu amependa, tulipata wali. Mimi na mdogo wangu Lusekelo hatukuhitaji kalenda. Tulirudi kutoka shuleni tukanusa tu, tukajua ni siku gani.

Kisha akaja mtu mmoja aliyepanda lori la viazi kutoka milima ya Ileje, akaleta habari kwamba bibi, mama yake mama, ameanguka jikoni kwake kule Ibaba na hawezi kuinuka. Baba hakuwepo. Alikuwa utingo wa lori, na lori lao lilikuwa limekwama Dar es Salaam likingoja matairi ambayo hayakupatikana. Mama alisimama kitambo mlangoni akitazama mvua. Baadaye akaingia ndani akatoa kila kitu kwenye vyombo vyake, akaniita, akanionyesha: haya ya Jumatatu, hawa wa Jumatano, mchele huu usiguswe mpaka Jumapili. Akamfunga mdogo wetu wa mwisho mgongoni, akachukua kitenge cha kujitanda.

"Nakwenda Jumapili, narudi Jumapili," alisema. "Mama Zuhura hapo jirani nimemwambia awaangalie. Lakini kuangaliwa siyo kulishwa, umenisikia? Mtoto wa mtu hasimami mlangoni kwa watu wakati wa kula."

"Nimesikia, mama."

Wiki ile ilikwenda kama alivyoipanga. Nilipika kila kitu kwa siku yake, na sijui kama ni ladha iliyopungua au ni mimi. Tulikula chini, mimi na Lusekelo, sinia katikati, na upande aliozoea kuketi mama tuliuacha wazi bila kuambiana. Mvua ikizidi tulishindwa hata kuzungumza. Tulikula tukitazamana midomo. Mchana shuleni nilikuwa na wenzangu, nilicheza rede kama wao. Lakini kengele ya kurudi nyumbani ikilia, nilitembea polepole, kwa maana nilijua kwamba nyumbani kwetu moshi hautakuwa umetangulia. Ningeukuta mlango umefungwa kama nilivyoufunga, na majivu yamepoa. Mpaka leo sipendi kuona majivu yaliyopoa.

Jumapili tulipotoka kanisani nilipika wali. Niliuchambua mchele punje kwa punje, nikautia chumvi kidogo na tone la mafuta lililosalia kwenye chupa, nikapakua fungu la mama kwenye bakuli lake la bati na kulifunika. Tulikwenda kusimama barabarani, pale magari yaliyotoka Mpemba, kwenye njia panda ya Ileje, yaliposhusha watu. Lilikuja moja, likaja jingine. Lusekelo alikuwa akikimbilia kila mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Giza lilipoanza kushuka, konda wa gari la mwisho alituona tumeloa, akatuuliza tunamngoja nani.

"Mama. Anatoka Ibaba."

Alitutazama kwa huruma nisiyoipenda. "Nendeni nyumbani, watoto. Daraja la njia ya Ileje limechukuliwa na maji. Hata mtu wa miguu hapiti."

Asubuhi yake nililipasha moto fungu lile na kumpa Lusekelo. Alikula nusu, akanisogezea nusu, nami nikamrudishia.

Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini subira haina mchuzi. Niliketi kwenye kigoda cha mama, ungo mapajani kama nilivyomwona akifanya, nikatazama kilichobaki. Unga ulikuwepo, maana nchi ya Mbozi haikosi mahindi hata mwaka mbaya. Maharage yalikuwa kidogo. Kapenta hawakuwepo. Bustani ilikuwa imepigwa na mvua ya mawe, majani ya maboga yametobokatoboka kama kitambaa kilicholiwa na panya. Nilijaribu kuigawa wiki, na wiki ikakataa kugawanyika. Kila nilipoipa Jumatatu, Alhamisi ililia. Mwishowe niliamua maharage yapikwe machache katika maji mengi, tule mchuzi siku mbili na punje siku ya tatu. Uji uwe mwepesi. Jumamosi nitajua Jumamosi ikifika. Nilikuwa na umri wa kuruka kamba, nami nilikuwa nikiwaza jinsi ya kumdanganya mtoto mwenye njaa kwamba mchuzi ni mboga.

Lusekelo hakudanganyika. Siku moja alitoweka baada ya shule, akarudi akitetemeka kwa baridi, shati lake kalifunga kama mfuko. Alilifungua mbele yangu kwa fahari. Uyoga! Ulikuwa mwingi, mwekundu mwekundu juu na mweupe chini, mwingine wa rangi ya kahawia, ungali na udongo na harufu ile tamu ya majani yaliyooza porini. Mate yalinijaa mdomoni. Mama alikuwa akiupika uyoga wa masika kwa karanga, na siku hiyo hata baba alisahau kwamba hakuna nyama.

"Nimeuona mwenyewe, dada," Lusekelo alisema. "Ni ule ule wa mama."

Niliugeuza mmoja mmoja kiganjani. Ulifanana na wa mama. Lakini mama alikuwa akiutazama uyoga chini ya mwavuli wake, akiuvunja na kuunusa, akiutupa mmoja na kuuweka mwingine uliofanana nao, nami sikuwahi kumwuliza kwa nini. Nilidhani nina miaka mingi ya kuuliza. Nilisimama pale jikoni na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Mama Zuhura alikuwa mtu wa Ujiji, pori letu hakulijua. Baba alikuwa Dar es Salaam, mama nyuma ya mto uliofurika. Sijawahi kujiona peke yangu duniani kama nilivyojiona siku ile, na chakula kimejaa mikononi.

Niliutupa wote kwenye shimo la takataka na kuufukia kwa jembe, Lusekelo akinipiga mgongoni kwa ngumi zake ndogo na kulia kwamba nina roho mbaya. Tulikula ugali kwa chumvi. Aligoma kuniangalia. Kesho yake maharage yakawa yamekwisha, magunzi yamelowa kabisa, na sikuwasha moto. Nilifunga mlango, nikamkumbatia mdogo wangu, nikangoja siku ipite.

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa Mama Zuhura, kajifunika gunia la nailoni kichwani. Alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache. Mumewe alikuwa dereva aliyevuka mpaka kabla ya Krismasi na hajarudi, na yule Zuhura aliyeitwa kwa jina lake alikuwa ameolewa huko kwao Ujiji. Kwa miezi yote tuliyokuwa majirani nilikuwa nimemsalimia tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona jikoni kwenu leo hakutoki moshi?"

"Tumeshiba," nilisema. Lusekelo alinitazama, kisha akatazama chini.

Hakunibishia. Aliketi kwenye mkeka wetu bila kukaribishwa, akavua gunia na kulikunja taratibu. "Mimi nimepika," alisema, "na chakula kimenishinda. Kila siku kinanishinda. Napika kiduchu, bado kinabaki. Mtu akila peke yake, Atupele, hata dagaa wa Ujiji wanageuka mchanga. Sasa nimekuja kuomba msaada. Mna unga?"

"Unga upo."

"Basi leteni unga. Mimi nina mawese na dagaa. Kwangu hakuna unga, na kwenda kuusaga kwenye matope haya miguu yangu haitaki."

Nilikumbuka onyo la mama. Lakini huyu hakutuita mlangoni kwake. Ndiye aliyekuwa mlangoni kwetu. Niliubeba unga. Jikoni kwake niliona mawese kwa mara ya kwanza, mekundu kama udongo wa Igamba, na yalipopata moto yalitoa harufu nzito iliyoujaza mdomo kabla ya chakula. Lusekelo alikula mpaka akalala palepale, mkono ungali kwenye sinia. Jioni ile Mama Zuhura aliniuliza mama alikuwa akiigawaje wiki, nami nikamweleza, siku baada ya siku. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayesimuliwa habari za kwao. Kisha tukaipanga upya, wiki ya nyumba mbili: maharage yake kwa mawese Jumatatu, mabaki yake na matembele Jumanne, Ijumaa wali wa kiganja kimoja kimoja kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku yake kubwa, Jumapili uji wa karanga kwa kuwa ndiyo yetu. Unga wetu, kitoweo chake. Hakuna aliyemlisha mwenzake.

Mama alirudi katikati ya wiki, si Jumapili. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, amevushwa mtoni na vijana waliofunga kamba, miguu imevimba, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Nilipoona kichwa kile nilijua bila kuambiwa. Bibi alikuwa amezikwa. Lusekelo alimparamia, mtoto mgongoni akaanza kulia, nami nikabaki nimesimama na mwiko mkononi, sijui nifanye nini, kwa kuwa chungu kilikuwa motoni na maharage yangeungua.

Nilimpakulia. Alinawa, akamega tonge, akalichovya, akala. Ladha ya mawese ilikuwa ngeni kwake.

"Nani kakufundisha?"

Nilimweleza yote, hata uyoga. Nilipofika kwenye uyoga aliacha kula. "Uliutupa?"

"Sikuujua, mama. Hukuwepo."

Alinivuta akanikalisha karibu naye, akalia kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Alimlilia mama yake, nadhani. Lakini mkono wake ulikuwa umenishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikauma. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Mama Zuhura, wakakaa ndani muda mrefu, na sikujua waliambiana nini. Tuliendelea na wiki ya nyumba mbili mpaka mahindi mapya yalipokomaa.

Baba alirudi na matairi. Mume wa Mama Zuhura hakurudi. Kiangazi kilipoanza ndugu za Mama Zuhura walikuja kumchukua, akapanda lori na mkeka na sufuria zake, akatupungia. Hatukupata habari zake tena. Nami nilitegemea kwamba mama akirudi nitarudi utotoni, lakini haikuwa hivyo. Kuanzia masika yale Jumamosi jioni aliketi kwenye kigoda, akauweka ungo kati yetu, akaniuliza mimi: "Unaonaje?" Wenzangu walikuwa nje wakicheza. Niliwasikia.

Mama hayupo siku hizi, na Lusekelo ana wajukuu. Mimi naishi Vwawa. Nikienda Tunduma naona maduka yamepangana mpaka barabarani, mafuta ya kila rangi, sukari ya viroba, mchele wa nchi tatu. Vitu ambavyo tulivisimulia kama ndoto vimelundikwa chini kwenye turubai. Sisemi siku zile zilikuwa njema. Njaa haina uzuri, na mtoto hapaswi kukalia kigoda cha mama yake. Hata hivyo bado naipanga wiki, mazoea hayana dawa. Wanangu wako mbali na wananitumia fedha kwa simu, wanauliza, "Mama, umekula?" nami najibu ndiyo, na si uongo. Napika maharage Jumatatu, na Alhamisi bado yapo. Siku zile tulihangaika kukifikisha chakula mwisho wa wiki. Sasa chakula kinafika chenyewe, kinaipita wiki, nacho kinanikuta nimeketi peke yangu.